Kuchagua Chuo: Mambo ya Kuhakiki Kabla ya Kulipa Ada ya Maombi

Na Mwandishi Wetu – MAELEZO

Kila mwaka ifikapo mwezi Julai, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) likishatangaza matokeo ya mtihani wa kidato cha sita, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hufungua dirisha la udahili wa shahada ya kwanza. Ndani ya wiki chache, kijana aliyekuwa amevaa sare za shule mwezi Mei hutakiwa kuamua atasoma nini, wapi na kwa gharama ya nani kwa miaka mitatu, minne au mitano inayofuata. Katika wiki hizo hizo matangazo ya vyuo hujaa redioni, magazetini, kwenye simu na hata katika kuta za vituo vya mabasi, na kila chuo hujinadi kwamba ndicho bora.

Kosa linalofanyika wakati huo mara nyingi halionekani mwezi Oktoba au Novemba, mwanafunzi anaporipoti chuoni akiwa na begi na godoro. Huonekana miaka kadhaa baadaye, pale mhitimu anapopeleka cheti chake kwa mwajiri, katika bodi ya taaluma au katika chuo cha ngazi ya juu na kujibiwa kwamba kilichoandikwa humo hakitambuliki. Hapo ada imekwishalipwa, mara nyingine kwa fedha za mazao au za kiwanja kilichouzwa, na umri haurudishwi. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la mwombaji lisiwe chuo gani ni maarufu. Liwe hili: programu hii, katika chuo hiki na kampasi hii, inatambuliwa na nani, na itanifikisha wapi?

Habari njema ni kwamba majibu ya swali hilo yako wazi, hayauzwi, na mwombaji mwenye simu ya kawaida yenye intaneti anaweza kuyapata mwenyewe.

Mamlaka ipi inasimamia nini

Elimu baada ya sekondari nchini husimamiwa na vyombo tofauti, na wananchi wengi huvichanganya. TCU, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu na kuanza kazi mwaka 2005, husimamia vyuo vikuu. Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), ambalo zamani lilifahamika kama NACTE, husimamia vyuo vya kati vinavyotoa astashahada na stashahada, pamoja na ithibati ya mafunzo ya ufundi stadi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) inajulikana zaidi kwa vyuo vyake vilivyosambaa mikoani na wilayani, ambako kijana hujifunza umeme wa majumbani, uchomeleaji, ushonaji, ufundi magari na fani nyingine nyingi.

Mkanganyiko mkubwa uko katikati. Zipo taasisi za umma kama Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ambazo si vyuo vikuu kwa jina wala kwa sheria, lakini hutoa shahada zinazotambulika kikamilifu. Mzazi anayemzuia mwanawe kwenda huko kwa sababu tu "si chuo kikuu" huenda anamnyima nafasi katika sehemu ambayo fani husika imefundishwa kwa miongo mingi. Mwombaji wa shahada katika taasisi hizo hupimwa kwa vigezo vile vile vya udahili vinavyosimamiwa na TCU, na majina ya waliodahiliwa hupitia kwenye uhakiki ule ule.

Kuna jambo la pili ambalo halizingatiwi ipasavyo: ithibati ya chuo ni kitu kimoja na ithibati ya programu ni kitu kingine. Tukumbuke kilichotokea Julai 2017. Baada ya ukaguzi, TCU ilizuia vyuo vikuu 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo 2017/18. Wengi walilikumbuka hilo. Lakini uamuzi huo ulikuwa na sehemu ya pili ambayo haikuzungumzwa sana vijiweni: vyuo vingine 22 viliruhusiwa kuendelea kudahili, isipokuwa katika programu 75 zilizoonekana kutokidhi viwango. Maana yake ni kwamba chuo kilikuwa halali, geti lake limefunguliwa na walimu wako kazini, huku programu fulani ndani yake ikiwa hairuhusiwi kupokea mwanafunzi mpya hata mmoja. Aliyehakiki jina la chuo pekee hakuwa amehakiki kitu.

Mahali pa kuhakiki ni kwenye mwongozo wa udahili ambao TCU huuchapisha katika tovuti yake kila mwaka. Mwongozo huo huorodhesha vyuo na, chini ya kila chuo, programu zinazoruhusiwa kudahili, sifa za kujiunga, muda wa masomo na idadi ya nafasi. NACTVET nayo hutoa mwongozo wake kwa ngazi za astashahada na stashahada. Programu isiyoonekana katika mwongozo wa mwaka husika isiombwe, hata kama tangazo lake ni la kuvutia na hata kama kaka wa jirani aliisoma miaka mitatu iliyopita. Mwongozo wa mwaka jana nao usitumike. Sifa hubadilika, programu huongezwa na nyingine huondolewa.

Kwa upande wa vyuo vya kati, athari ya kutohakiki hujitokeza kwa namna ambayo kijana wa kidato cha nne hawezi kuiona kwa urahisi. Mhitimu wa stashahada anayetaka kuendelea na shahada hutakiwa kuwa na namba ya uhakiki wa tuzo, maarufu kama AVN, inayotolewa na NACTVET. Namba hiyo hutokana na kumbukumbu za mwanafunzi ambazo chuo kilizipeleka katika Baraza tangu alipodahiliwa. Kama chuo hakikusajiliwa, au kilidahili mwanafunzi asiye na sifa na jina lake likabaki nje ya mfumo, hakuna namba. Na pasipo namba hiyo, maombi ya shahada hayaendelei. Kijana anayejiunga leo na chuo cha kati anapaswa kuuliza, katika muhula wake wa kwanza na si wa mwisho, kama jina lake tayari limo katika mfumo wa Baraza.

Sifa za chini na uhalisia wa ushindani

Kwa mhitimu wa kidato cha sita, kigezo cha chini cha kujiunga na shahada ya kwanza ni ufaulu wa masomo mawili katika kiwango cha alama kuu, wenye jumla isiyopungua pointi 4.0, kutoka katika masomo mawili yanayoiongoza programu inayoombwa. Kwa waliomaliza kuanzia mwaka 2016, alama huhesabiwa hivi: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hivyo D mbili zinatosha, na vivyo hivyo C moja na E moja. Waliohitimu mwaka 2014 na 2015 wana utaratibu wao kwa sababu mfumo wa alama ulikuwa tofauti. Wasitumie hesabu hii.

Maneno ya kuzingatia katika kigezo hicho ni "yanayoiongoza programu". Mwombaji mwenye A ya Jiografia hawezi kuitumia kuombea programu ambayo mwongozo unataka Kemia na Baiolojia. Mfano unaojirudia kila mwaka ni wa wahitimu wa tahasusi ya CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, wanaotamani udaktari wa binadamu. Programu hiyo huhitaji ufaulu wa kidato cha sita katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Aliyesoma CBG, hata akiwa na A tatu, hana Fizikia ya ngazi hiyo. Hilo lilipaswa kusemwa alipokuwa akichagua tahasusi baada ya kidato cha nne, wala si siku ya kujaza fomu ya chuo. Hata hivyo, milango mingine katika sayansi za afya, kilimo, mifugo na mazingira iko wazi kwake, na inastahili kusomwa mmoja mmoja ndani ya mwongozo.

Suala hili lina uzito zaidi sasa kwa sababu mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano ziliongezwa hadi 65. Uwanja wa uchaguzi umepanuka, na pamoja nao umepanuka uwezekano wa mwanafunzi kusoma mchanganyiko wa masomo bila kujua unaelekea wapi. Mzazi mwenye mtoto kidato cha nne afungue mwongozo wa vyuo vikuu leo, miaka miwili kabla ya kuuhitaji, aone kila tahasusi inafungua milango ipi. Baada ya matokeo ya kidato cha nne, Ofisi ya Rais – TAMISEMI hutoa muda kwa wahitimu kubadili machaguo yao ya tahasusi na kozi za vyuo vya kati kupitia mfumo wa kielektroniki. Muda huo ni mfupi, na wengi huupoteza kwa kudhani kwamba kilichojazwa shuleni ndiyo basi tena.

Kuwa na sifa za chini si kuchaguliwa. Kila programu ina idadi ya nafasi, na waombaji wakizidi nafasi, wenye ufaulu wa juu hutangulia. Mwombaji mwenye pointi chache anayejaza programu zenye ushindani mkali pekee, katika vyuo vinavyoombwa na kila mtu, hujiweka mwenyewe kwenye kundi la watakaosubiri awamu ya pili na ya tatu, wakati nafasi nyingi zimekwishajaa. Ni busara kuomba programu moja ambayo moyo unaitaka kweli ingawa ushindani ni mkubwa, na nyingine ambazo ufaulu alionao unamweka mahali pazuri. Tangu mwaka wa masomo 2017/18, maombi hupelekwa moja kwa moja vyuoni na si kupitia mfumo mmoja wa TCU kama ilivyokuwa awali. Hivyo kila chuo kinachoombwa kina fomu yake na mara nyingi ada yake. Kuomba vyuo kumi si mkakati.

Waliokosa sifa za kuingia moja kwa moja nao wana njia. Mwenye stashahada ya kawaida huweza kuomba shahada akiwa na GPA isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania huendesha Programu ya Msingi ambayo mhitimu wake, akifikia viwango vilivyowekwa, huweza kuomba shahada hapo na katika vyuo vingine. Kwa mhitimu wa kidato cha nne mwenye ufaulu wa masomo manne, njia ya astashahada kisha stashahada inaweza kumfikisha katika shahada akiwa tayari na ujuzi wa kazi mkononi. Mwandishi wa makala haya haoni sababu ya njia hii kuendelea kuitwa ya waliofeli. Fundi sanifu wa maji aliyepitia stashahada na kwenda kusoma uhandisi hujua bomba kabla hajakutana na mlinganyo wake.

Kozi inaishia wapi

Majina ya programu siku hizi ni mengi na baadhi yake yanapendeza masikioni. Kabla ya kuvutiwa na jina, mwombaji ajiulize ni chombo gani kitakachomruhusu kufanya kazi baada ya kuhitimu.

Taaluma kadhaa haziishii kwenye cheti cha chuo. Mhandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB). Daktari hufanya mafunzo ya utarajali na kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mfamasia yuko chini ya Baraza la Famasi, na muuguzi chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mhasibu anayetaka kutambulika katika taaluma hufanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA). Mwenye shahada ya sheria anayetaka kuwa wakili wa Tanzania Bara hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Familia inayopanga bajeti ya shahada ya sheria iingize mafunzo hayo tangu mwanzo, kwa kuwa yana muda wake na ada yake. Mwombaji aulize bodi husika, na si ofisi ya masoko ya chuo, kama wahitimu wa programu anayoitaka husajiliwa.

Chanzo kingine ambacho hutumiwa na wachache ni matangazo ya kazi yenyewe. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutangaza nafasi kupitia mfumo wake wa maombi, maarufu kama Ajira Portal, na kila tangazo hueleza sifa zinazotakiwa kwa mujibu wa muundo wa utumishi wa kada husika. Mwombaji wa chuo anaweza kuyasoma matangazo hayo hata kabla hajawa na cheti chochote. Akichukua kada anayoitamani na kusoma matangazo matano au sita, ataona ni shahada au stashahada zipi zinatajwa kwa majina na zipi hazitajwi. Msahili hupokea maelfu ya maombi na hulinganisha kilichoandikwa kwenye cheti na kilichoandikwa kwenye tangazo. Hana nafasi ya kusikiliza maelezo kwamba programu hii inafanana na ile. Kwa mfano, mwenye shahada ya sayansi isiyo ya ualimu anayetaka kufundisha sekondari hutakiwa kuongeza mafunzo ya ualimu juu yake.

Ajira ya Serikali haiwezi kuwapokea wahitimu wote, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Kwa hiyo programu ipimwe pia kwa ujuzi inaomwachia mhitimu. Katika Maonesho ya Elimu ya Juu, Sayansi na Teknolojia ambayo TCU huyaandaa, vyuo vingi hukaa uwanja mmoja na mwombaji huweza kuhoji ana kwa ana. Wengi huondoka hapo na kalenda, kalamu na vipeperushi. Afadhali kuondoka na majibu. Maabara ya programu hii iko kampasi ipi, na kila kifaa hutumiwa na wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja? Mafunzo kwa vitendo hufanyika wapi, na chuo ndicho kinachomtafutia mwanafunzi nafasi au anaachwa azunguke na barua mkononi? Wanaofundisha ni waajiriwa wa chuo au wanakuja siku moja kwa wiki kutoka kwingine? Mhudumu wa banda anayejibu kwa kugeuza mada naye ametoa jibu.

Suala la kampasi lisipuuzwe. Kupitia Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 425, vyuo vikuu vya umma vinajenga kampasi katika mikoa ambayo haikuwa nazo, ikiwemo Lindi, Kagera na Kigoma. Jina la chuo kwenye barua ya udahili halimwambii tena mwanafunzi ataishi mji gani. Kwa familia ya Bukoba au Kasulu hii ni nafuu kubwa. Kwa aliyekwishapanga kukaa kwa shangazi Dar es Salaam, ni jambo la kulijua mapema.

Hesabu ya fedha

Ada iliyoandikwa kwenye tangazo ni sehemu tu ya gharama. Ipo ada ya usajili, ya mitihani, ya kitambulisho, ya umoja wa wanafunzi na fedha ya tahadhari. Upo mchango wa udhibiti ubora wa TCU wa Sh. 20,000 kwa mwaka. Ipo bima ya afya, ambayo kwa miaka mingi imekuwa Sh. 50,400 kwa mwanafunzi asiye na bima nyingine. Mwombaji aombe chuo kimpe muundo kamili wa ada kwa miaka yote ya masomo, kwa maandishi, kisha aongeze nauli, malazi na chakula.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) husaidia wenye uhitaji, lakini kupata udahili si kupata mkopo, na kupata mkopo si kupata asilimia mia moja ya kila kipengele. Kwa wanaopata, fedha ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka 2022/23 kutoka Sh. 8,500 hadi Sh. 10,000 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 hiyo ni Sh. 300,000. Kiasi hicho hakina thamani sawa kila mahali: mwanafunzi aliyepata chumba katika hosteli za chuo atakitumia tofauti na yule anayepanga mtaani na kupanda daladala mbili kwenda darasani. Mkopo ni deni, na mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Tangu 2023/24 mikopo imefika pia kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na wahitimu wa kidato cha sita wenye ufaulu wa juu kabisa katika sayansi wana nafasi ya Samia Scholarship iliyoanzishwa 2022/23.

Maombi ya mkopo hukwama kwa mambo madogo. Cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa na RITA, au na wakala wa usajili wa matukio ya kijamii kwa upande wa Zanzibar. Cheti cha kifo cha mzazi hakijaambatishwa. Mwombaji aliyerudia mtihani wa kidato cha nne ametumia namba moja ya mtihani kwenye maombi ya chuo na nyingine kwenye maombi ya mkopo, na mifumo imeshindwa kumtambua kuwa ni mtu yule yule. Haya yote hurekebishika mwezi Mei au Juni. Mwezi Septemba huwa ni foleni.

Nani anajaza fomu

Kuna hali ya Kitanzania ambayo miongozo ya udahili ya nchi nyingine haiwezi kuifahamu. Dirisha la udahili linapofunguliwa, vijana wengi waliohitimu kidato cha sita wako katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mafunzo ya mujibu wa sheria. Hawana simu muda wote. Fomu hujazwa na mzazi, dada, mjomba, au kijana wa duka la stesheneri kwa malipo kidogo. Kijana wa stesheneri huweka namba yake ya simu au barua pepe aliyoitengeneza dakika hiyo hiyo, huchagua programu anazoona zinajazwa na wengi, kisha mteja anayefuata huketi.

Wiki kadhaa baadaye TCU hutangaza waliodahiliwa, na waliochaguliwa katika zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa kutumia namba maalum ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi au barua pepe. Ujumbe huo huenda kwenye simu ya mtu wa stesheneri, au kwenye barua pepe ambayo hakuna aliyeandika neno lake la siri. Muda wa kuthibitisha ukipita, nafasi inaweza kupotea.

Kabla ya kuripoti kambini, kijana na wazazi wake wakae na kuandika kwenye karatasi moja machaguo yake kwa mpangilio, namba zake za mtihani, namba ya simu itakayotumika na nani ataishika. Laini ya simu iwe ya familia na isajiliwe kwa mtu anayefahamika. Neno la siri liandikwe. Karatasi hiyo ibaki nyumbani. HESLB na vyombo vingine vimekuwa vikiwafikia vijana katika baadhi ya kambi kutoa elimu ya maombi, na anayepata fursa hiyo aitumie kurekebisha kilichojazwa kwa niaba yake.

Malipo kwa vyuo vya umma hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, yaani control number, inayomwezesha mlipaji kuliona jina la taasisi kabla hajathibitisha. Anayepiga simu na kudai anaweza "kuisukuma" nafasi kwa kutumiwa fedha kwenye namba yake binafsi si afisa udahili, na taarifa zake zipelekwe polisi.

Kwa wanaofikiria vyuo vya nje ya nchi, uhakiki una hatua moja ya ziada. Tuzo za nje hutambuliwa na TCU baada ya mhitimu kurejea, lakini ni hatari kusubiri hadi siku hiyo. Mwombaji aulize TCU kabla ya safari kama chuo na programu husika vinatambulika katika nchi yake, na kama wakala anayemshughulikia ana kibali cha Tume cha kufanya kazi hiyo. Wakala halali hatachukia kuulizwa.

Mwanafunzi aliyekwisharipoti na kugundua kwamba programu aliyopangiwa siyo aliyoikusudia bado ana utaratibu. Uhamisho ndani ya chuo au kutoka chuo kimoja kwenda kingine huruhusiwa katika kipindi kinachotangazwa na TCU, kwa sharti kwamba anayehama ana sifa za programu anayokwenda na kwamba ipo nafasi. Maombi hupitia ofisi ya udahili ya chuo. Mwenye mkopo ahakikishe pia kwamba taarifa za uhamisho wake zimefika HESLB, kwani fedha hutumwa kwenye chuo kinachoonekana katika kumbukumbu za Bodi, na wanafunzi wamewahi kukaa muhula mzima wakisubiri fedha zilizokuwa zimelala kwenye chuo walichokwishakihama.